Bustani za Nyumbani, Vivuli vya Mitaa na Haki ya Mazingira Mjini Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa tena na tena barazani, kisimani na gatini, kila mtu anapoona mche umeota kwenye ndoo iliyotoboka au mti wa mtaa umekatwa. Nimeyajibu kwa uzoefu wa kulima katika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, cha nyumba yetu hapa mtaa wa Langoni, na kwa kufuatilia sheria zinazotuhusu. Pale jibu linapotegemea jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Misingi

1. Mji wetu hauna viwanja. Bustani ya nyumbani itakaa wapi?

Bustani ya nyumbani ni mahali popote ndani ya nyumba au kando yake ambapo mtu hupanda kwa mkono wake mimea ya kuliwa, ya kunukia, ya kutibu au ya kivuli. Haihitaji shamba. Nyumba za kale za mtaa wa Mkomani zilijengwa kwa kuelekea ndani: apitaye kichochoroni huona kuta tupu, kumbe nyuma ya daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mna kiwanda kinachopokea jua na mvua, na humo ndimo wazee wetu walimopanda mrihani, yasmini, mndimu au mkomamanga. Kikuba ambacho mwanamke hujipamba nacho siku ya harusi, cha yasmini, mrihani na kadi (ua la mkadi), ni zao la bustani kama lilivyo fungu la mchicha.

Asiye na kiwanda ana kizingiti, ngazi, dirisha na sehemu ya dari. Vyungu vitano vyenye udongo mzuri hulisha nyumba kuliko ukumbi mzima wa mchanga mtupu.

2. Mboga zinauzwa sokoni. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu sehemu kubwa ya mboga tunazokula hufika kisiwani kwa barabara na kisha kwa mashua kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara. Barabara ya Garsen ikikatwa na mafuriko ya Mto Tana, au usafiri ukisimama kwa sababu za usalama, bei hupanda siku hiyo hiyo, na wanaoumia kwanza ni wale wanaonunua chakula cha siku kwa fedha ya siku. Bustani ndogo haitamaliza safari ya sokoni, lakini itatoa kunde, matembele, pilipili, giligilani na limau, yaani vile vitu vidogo ambavyo fedha yake ikijumlishwa kwa mwezi huwa si ndogo.

## Udongo na maji

3. Udongo wangu ni mchanga na vifusi vya chokaa, na majani yanageuka manjano. Nitie jivu?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloharibu mimea mingi mjini, na mimi mwenyewe nililifanya. Nilikuwa na mndimu ndani ya pipa lililokatwa, majani yake machanga yakaanza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani kibichi. Nikaambiwa nitie jivu la jikoni, nikatia kila wiki. Baada ya miezi miwili majani mapya yalitoka meupe kama karatasi na ncha zake zikakauka.

Jivu hufaa kwenye udongo mchachu wa bara. Udongo wetu umetokana na matumbawe, na juu ya hayo umechanganyika na lipu ya chokaa inayobanduka kwenye kuta za zamani, kwa hiyo tayari una chokaa kupita kiasi. Chokaa hiyo huyafunga madini ya chuma yasiweze kunyonywa na mizizi hata kama yamo udongoni, na jani lenye manjano katikati ya mishipa ya kijani ndiyo dalili yake. Kuongeza jivu ni kuongeza ugonjwa.

Dawa ni mboji, na mboji nyingi. Ondoeni vifusi vyeupe kwa mkono, kisha changanyeni mchanga na mboji iliyoiva kwa kiasi kinacholingana, na mwongeze mboji kila msimu, kwa kuwa katika joto letu huoza na kupungua upesi. Chini ya chungu wekeni makumbi ya nazi, ambayo hushika maji kama sifongo. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yaoshwe kwanza kwa maji matamu mara kadhaa, la sivyo yataleta chumvi inayoelezwa katika swali la 5.

4. Samadi ya punda ni nyingi vichochoroni. Inafaa?

Inafaa sana, nayo ni mali ambayo mji huu huifagia na kuitupa. Lakini isitiwe ikiwa mbichi. Irundikeni pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, lowesheni kidogo, funikeni na geuzeni kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi huwa nyeusi, hupukutika na hunuka kama ardhi iliyonyeshewa. Joto la rundo huua mbegu za magugu, ambazo tumbo la punda haliziui zote.

Jambo moja lisipuuzwe: samadi ya punda na farasi huweza kubeba vimelea vya pepopunda, na mboji kuiva hakuviondoi kabisa. Anayeishika avae viatu na glavu, afunike kidonda chochote, na ahakikishe chanjo yake haijapitwa na wakati. Machicha ya nazi na mabaki ya samaki yafukiwe katikati ya rundo, kwa maana yakiachwa juu huita panya, paka na kunguru.

5. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Naweza kumwagilia?

Inategemea kiasi cha chumvi na aina ya mmea. Ulimi ni kipimo cha kwanza. Cha pili ni chungu chenyewe: chumvi ikizidi, utando mweupe hujitokeza ukingoni na pembe za majani huungua kama zilizochomwa na kiberiti. Maharagwe, vitunguu, karoti na jamii ya ndimu ni dhaifu mbele ya chumvi. Nyanya ni za wastani. Spinachi huvumilia, na mnazi na mtende huvumilia zaidi.

Msimwagilie kidogo kidogo kila siku kwa maji hayo, kwa sababu maji huvukizwa na jua na chumvi hubaki. Ni bora kumwagilia kwa wingi mara chache hadi maji yatoke chini, ili yaondoke na chumvi ya zamani, na ndiyo maana chungu kisicho na tundu hakifai kabisa. Mvua ya masika hufanya kazi hii bure.

Kingeni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya dari au mabati ya mita 40 za mraba ni lita 800. Hata ikipotea robo yake, yanayobaki ni mitungi 30 ya lita 20. Jinsi ya kuyahifadhi bila kufuga mbu imeelezwa katika swali la 9.

6. Maji yaliyokwisha kutumika yanafaa? Na maji ya udhu?

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa moja kwa moja. Maji ya kufulia yana sodiamu ya sabuni ya unga, ambayo huugandisha udongo na kuongeza chumvi. Yasitumike kwenye mboga, na kwenye miti yatumiwe kwa zamu na maji matamu. Maji ya chooni hayafai kabisa.

Maji ya udhu, kwa upande wa mmea, ni miongoni mwa yaliyo bora, kwa kuwa hayana sabuni wala mafuta. Mtaa wenye msikiti una maji hayo mara tano kwa siku, na kwa kawaida huishia mtaroni. Mfereji mdogo wa kuyapeleka kwenye mpapai au mkungu ulio nje ya ukuta ni kazi ya fundi wa siku moja. Kwa kuwa kisima na birika la msikiti aghalabu ni wakfu, kamati ya msikiti iulizwe kwanza na masheikh watoe kauli yao.

7. Nipande lini?

Mboga za majani pandeni masika yanapoanza, mwezi wa Aprili, ila mche mchanga ukingeni na mvua kubwa za Mei na upepo wa kusi unaorusha chumvi ya bahari. Miti pandeni mwanzo wa masika, ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi cha kaskazi. Vuli ni haba na haiaminiki. Itumieni kwa kunde na mbaazi.

## Bustani na nyumba yenyewe

8. Naweza kulima juu ya dari ya nyumba ya mawe?

Kwa vyungu vichache vinavyohamishika, ndiyo. Kwa tuta la udongo lililomwagwa juu ya dari, hapana.

Dari za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazifiki mbali, vyumba vyetu ni vyembamba, kwa kawaida chini ya mita tatu. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa, ambavyo tayari ni mzigo mzito. Udongo uliolowa wa kina cha sentimita 20 juu ya mita moja ya mraba hupita kilo 300, yaani ni kana kwamba watu wazima wanne au watano wamesimama pale pale usiku na mchana. Uzito si hatari peke yake. Maji yanayovuja polepole huozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku boriti inapolia huwa imekwisha kuoza zamani.

Wekeni vyungu kandokando juu ya kuta, si katikati ya chumba, viinueni kwa vipande vya mbao ili chini pakauke, na kagueni boriti kutoka ndani kila baada ya masika. Mji wa Kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kwa hiyo badiliko lolote la jengo lenyewe linahitaji ushauri wa ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapa Lamu.

9. Jirani analalamika kwamba bustani yangu inaleta mbu. Ni kweli?

Mmea hauzai mbu; maji yaliyotuama ndiyo yanayozaa. Malalamiko ya jirani yasidharauliwe, kwa kuwa mji huu una historia. Mwaka 2004 chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilishika Lamu, na uchunguzi wa damu za wakazi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takribani robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa. Mlipuko ule ulikuja wakati wa ukame, si wa mvua: watu walikuwa wamehifadhi maji ndani kwa kukosa maji ya uhakika, na mbu aina ya Aedes akazaliana ndani ya vyombo hivyo. Ndiyo kusema ugonjwa ulipita mlango ule ule uliopitwa na shida ya maji.

Funikeni matangi kwa wavu mwembamba. Sahani za chini ya vyungu zimwagwe maji kila siku ya tano, na zisuguliwe, kwa sababu mayai ya mbu huyo hugandia ukingoni na kuvumilia ukavu kwa miezi. Wazee walitia visamaki ndani ya birika la chooni ili wale viluwiluwi, na njia hiyo ingali inafaa kwa birika lisilofunikika.

10. Mti umeota wenyewe juu ya ukuta wa gofu. Niuache, kwa kuwa ni kijani?

Ukiwa ni jamii ya mkuyu, ung'oeni ungali mchanga. Mizizi yake huingia katika chokaa na kutenganisha mawe, na ukuta ukianguka huangukia kichochoro chenye watoto. Mti uliokwisha kuwa mkubwa usivutwe kwa nguvu; aitwe fundi wa nyumba za kale, kwani huenda mizizi ndiyo iliyoushika ukuta.

## Kivuli cha wote

11. Mti gani unafaa kupandwa mtaani?

Mkungu una sifa zote: huvumilia upepo wa chumvi, matawi yake hutanda kama paa, na kungu huliwa na watoto. Uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, umepata jina lake kwa miti hiyo, na hadi leo wanaume huketi hapo mchana mzima kwa sababu kuna kivuli. Mwarubaini humea upesi na hustahimili kiangazi. Mkwaju huchelewa lakini huishi zaidi ya mpandaji. Mbirimbi na mstafeli hufaa penye uwanja mdogo uliokingwa na upepo.

Msiache nafasi ya chini ya mita tatu kati ya shina na ukuta au shimo la choo, na msisahau punda na mbuzi: mche usiozungushiwa miti au wavu kwa miaka miwili ya mwanzo umepandwa kwa ajili yao.

12. Mimi ni mpangaji na mwenye nyumba hataki nipande mti. Ana haki?

Hofu yake ina asili. Pwani yetu mti wa kudumu ni ushahidi wa umiliki. Mnazi au mwembe ulipandwa na nani ni swali linalofika mahakamani, na kuna mahali ambapo ardhi ina mwenyewe na miti ina wenyewe wengine. Mwenye nyumba anayekataa mwembe huenda hakatai kijani, anakataa madai ya baadaye.

Andikeni karatasi fupi, mbele ya mashahidi wawili, kwamba mti ni wa nyumba na mpangaji hana dai juu ya ardhi, ila atakula matunda muda wote akaapo. Akikataa bado, pandeni vyomboni, kwa kuwa chombo ni chenu na mtahama nacho.

## Haki

13. "Haki ya mazingira" maana yake nini hapa kwetu?

Maana yake ni kuuliza nani anapata kivuli, maji na hewa safi, na nani anapata moshi, mafuriko na harufu ya mtaro, kisha kuuliza kwa nini ni watu wale wale kila mara. Kuta nene za Mkomani na viwanda vyake huhifadhi ubaridi bila umeme. Mitaa mipya ya matofali na mabati, iliyojengwa kwa haraka bila kuachiwa mahali pa mti, huwa tanuri kuanzia Januari hadi Machi. Mtoto wa mtaa wa pili hakuchagua bati.

Katiba ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili kuwa hisani. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 43 kinampa haki ya maji safi ya kutosha. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara.

14. Mbona kwingine bustani za maua zinanyweshwa kila jioni, na sisi tunapanga foleni ya mitungi?

Maji matamu ya kisiwa hiki yanatoka hasa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywea mchangani na kukaa kama tabaka jepesi juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita yanavyorejeshwa na mvua, chumvi hupanda, na kisima kilichoharibika leo hakirudi mwakani. Kwa hiyo maji ya bustani ya mapambo na maji ya uji wa mtoto wa Langoni hutoka katika chungu kimoja, na kujenga juu ya vilima vile ni kukifunika chungu chenyewe.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine. Si kosa kuwa na maua. Ni kosa maua kunywa kabla ya watu. Anayetaka bustani kubwa akinge mvua, atumie maji ya swali la 6, na apande mimea inayovumilia ukame.

15. Naishi karibu na jaa la taka. Ni salama kula mboga ninazopanda?

Mboga za majani zisipandwe kwenye ardhi ambapo taka, betri au plastiki huchomwa, wala mahali ambapo mashua zimekwanguliwa rangi ya zamani kwa miaka mingi, kwa sababu madini ya risasi hubaki udongoni na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Pandeni vyomboni, kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine, na osheni majani vizuri kuondoa vumbi. Maji ya mtaro wa maji machafu yasitumike kwa mboga yoyote. Ndizi na mipapai, ambazo tunda lake halikugusa ardhi, zina hatari ndogo kuliko mchicha.

Ushauri huu hauondoi tatizo. Uzoaji na utupaji wa taka ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Takataka nyingi za jikoni zetu zingeweza kuwa mboji ya swali la 4 kabla hazijafika jaani.

16. Lamu ina mikoko mingi. Bado tuna upungufu wa miti?

Ndiyo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, nayo hulinda pwani na kulea samaki. Lakini mkoko wa mkondoni haumpi kivuli mama anayesubiri zamu ya zahanati mchana wa Februari. Kifungu cha 69 cha Katiba kinataka nchi ifikie angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti; kaunti inaweza kujivunia mikoko yake katika hesabu hiyo huku mitaa ikiwa tupu. Ulizeni miti kwa mtaa, si kwa kaunti.

17. Tunaombaje kivuli, maji au bustani ya umma?

Kwa maandishi, na kwa wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ombi linalofika Juni limechelewa mwaka mzima. Tajeni mahali kamili, idadi ya miche, nani atanyweshea na kwa maji gani. Mna haki ya kuomba taarifa kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na kupeleka ombi rasmi kwa Kifungu cha 37. Hudhurieni vikao vya ushiriki wa umma na hakikisheni majina yenu yameandikwa.

Msiseme ushiriki ni maneno matupu. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Masuala ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliolalamika walikuwa watu wa hapa.

18. Mti wa mtaa umekatwa bila sisi kuulizwa. Tufanye nini?

Mtaani kwetu palikuwa na mkungu uliokatwa asubuhi moja ili kupanua mtaro. Waliokuja walikuwa na karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Ofisi tuliyoiendea ilitupeleka kwa nyingine, na ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza. Bi mkubwa aliyekuwa akiuza mahamri chini ya mti ule alihamia kwenye kivuli cha ukuta, na kivuli cha ukuta huisha saa nne.

Tulijifunza kwa kuchelewa yale ambayo ingefaa tuyafanye siku ile ile: piga picha ya kisiki na mazingira yake, andika tarehe, saa na majina ya mashahidi, omba nakala ya idhini kwa barua, peleka nakala za barua hiyo kwa mwakilishi wa wadi, idara ya mazingira ya kaunti na NEMA (mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira), na weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri ndio huizuia barua isipotee.

Kisiki cha mkungu kikiachwa kina gome, huchipua. Chetu kilitoa machipukizi saba kwa masika ya kwanza. Tulibakiza moja lililonyooka, tukalizungushia mabaki ya dau, na Bi mkubwa ndiye anayelinywesha kwa maji ya kuoshea mchele.